Tela ikiinua pua, rekebisheni shingo

Mhariri,

Pikapu nyingine hapa Arusha huvuta tela za shingo ndefu, zile zinazokaa juu ya tufe la chuma ndani ya bodi ya pikapu, zikiwa zimeinua pua. Uzito wote hukimbilia ekseli ya nyuma ya tela, na tairi zake ndizo huumia.

Egesha pahali tambarare, tia vizuizi kwenye magurudumu, beba shingo kwa jeki. Legeza bolti za kubana, chomoa pini inayoshikilia urefu wa shingo, shusha shingo tundu mojamoja hadi tela ilale sawa. Usishushe mno: nafasi kati ya tela na kingo za bodi ya pikapu ikiwa chini ya sentimita 15, tuta moja tu linaweza kuzikunja kingo hizo.

Tufe la inchi 2 5/16 halitaki kikombe (cha shingo ya tela kinacholifunika) cha saizi nyingine, hata kama “linaingia”. Ukishafunga kikombe kwenye tufe, pandisha jeki kidogo. Pikapu isipoinuka pamoja na shingo, komeo halijashika. Kisha funga minyororo ya usalama.

Fundi wa tela,
Njiro, Arusha