Mkiongea nyuklia ulizieni na chuma

Mhariri,

Mimi ni fundi wa welding hapa Shimanzi, msomi siye, lakini hii habari ya mtambo wa nyuklia uliopangiwa Uyombo kule Kilifi nimeifuatilia sana na kila mtu anaongea miale, samaki, mashamba, haya sawa, ila chuma chenyewe hakuna anayekitaja.

Juzi nimeletewa springi ya lori imekatika. Nje inang'aa, hata ufa hauoni, lakini pale ilipokatikia ni chengachenga kama sukari. Chuma bwana chaweza kuwa kimeharibika ndani na nje usione kitu.

Sasa mpwa wangu anasoma fizikia, akanieleza kitu mpaka chai ikapoa. Kuna kijidude kinaitwa positroni, pacha wa elektroni ila chaji yake chanya, Carl Anderson wa Marekani alikigundua 1932. Wanachukua sodiamu-22, aina ya sodiamu yenye mionzi, wanaibana katikati ya vipande viwili vya chuma, ikitema positroni inatema na mwale wa gama, hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Positroni ikigongana na elektroni zote mbili zinapotea, inatoka miale miwili ya keV 511 (keV ni kipimo cha nishati), hiyo cheti cha kifo, na saa inahesabu hapo katikati. Kwenye chuma kizima inaishi kama pikosekunde 110 (sekunde moja ina pikosekunde trilioni, hebu fikiria hiyo saa!) lakini mahali atomu moja imekosekana elektroni huwa chache, kwa hivo inaishi zaidi, kama 175. Ikichelewa kufa ujue ndani mna mapengo.

Lakini kilichonigusa mimi ni shaba. Ule waya wetu wa mashine ya welding ya CO2 si umepakwa shaba usishike kutu? Basi na yale matangi ya chuma yanayobeba fueli ya nyuklia kwenye mitambo ya zamani huko Marekani, mengine yalichomelewa na waya wa kupakwa shaba vilevile, shaba ikaingia kwenye weldi, halafu miaka ya kupigwa na nyutroni, zile chembe zinazoruka kutoka kwenye fueli, ikaikusanya vipunje vidogo mno na chuma kikaanza tabia za kigae, kuvunjika badala ya kupinda. Baadaye watengenezaji wakaipunguza hiyo shaba. Sasa positroni inapenda shaba kuliko chuma, inakwenda kujibanza kwenye vile vipunje na miale yake inatoka na alama ya shaba, na kile kipande hukukata wala hukukiyeyusha. Ubaya wake inachungulia juujuu tu, sehemu ya milimita, na tangi zima huwezi kulibeba mpaka maabara, ndo maana huwekwa vipande vya chuma kilekile ndani ya mtambo, vinatolewa baada ya miaka vikapimwe.

Kwa hivo waandishi wenu siku wakienda baraza la hao wa nyuklia, mmoja anyooshe mkono aulize: shaba kwenye weldi ya hilo tangi itakuwa asilimia ngapi, na vile vipande vitapimwa maabara gani, hapa Kenya ama vitasafirishwa? Jibu mlichape, mimi nitalikata nilibandike karakana.

Fundi wa Shimanzi,
Mombasa