Watoto wa walevi nao wapewe nafasi ya kuomboleza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo katika misiba yetu hapa Dodoma hupitwa kimya. Anapozikwa mzazi aliyeuawa na pombe, wasifu husomwa kwamba aliugua kwa muda mrefu, na watoto wake, hata wale wenye wajukuu, hutakiwa kuinamisha vichwa kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Adabu hiyo naiheshimu, lakini inatulazimisha kumlilia mzazi nusu.

Asubuhi, kabla hajaenda kilabuni, baba yangu alinionyesha shambani jicho la kuacha na tawi la kukata tulipopogolea mizabibu, kwa upole ambao sijauona kwa mwalimu yeyote. Usiku tulimsikiliza anavyogonga mlango, na kwa mlio huo tu tukajua kama tutalala au tutakimbilia kwa bibi pamoja na mama. Alipofariki nilimlilia baba wa asubuhi. Hasira juu ya baba wa usiku sikuwa na pa kuipeleka, wala ile nafuu niliyoipata, ambayo ndiyo iliyonitia aibu kuliko yote. Mpaka leo mlango ukibamizwa moyo hunienda mbio, ingawa nina nyumba yangu na watoto wangu.

Ninajua siko peke yangu. Nchini Marekani, familia za walevi zilianza kuunda vikundi vyao rasmi vya kusaidiana mwaka 1951, na katika miaka ya 1970 watoto wa walevi waliokwisha kuwa watu wazima nao wakaanzisha vya kwao, kwa kuwa waliona kwamba kifo cha mzazi, au hata kuacha kwake pombe, hakuyafuti yaliyowapata utotoni. Sisi tuna Hospitali ya Mirembe ya magonjwa ya akili, iliyopo mjini hapa tangu 1927, tuna zahanati, na tuna wachungaji na mashehe ambao wafiwa huwaamini. Nawaomba viongozi hao warudi nyumbani kwa wafiwa baada ya matanga, watu wakishatawanyika, wawaulize watoto walikuwa wakiishi vipi na marehemu, kisha wasikilize bila kukimbilia kuhimiza msamaha, kwani msamaha ukidaiwa mapema humfunga mtu mdomo.

Wapo watakaosema tunaanika aibu za nyumbani. Majirani waliokuwa wakitupokea usiku waliijua aibu hiyo tangu zamani. Chumba kimoja katika zahanati, jioni moja kwa wiki, na mtu aliyefunzwa kusikiliza, vingetosha kwa kuanzia.

Msomaji wako,
Dodoma