Saa janja ya kuogelea: kabla hujalipa tuambie kwanza unaogelea wapi

Wiki iliyopita kaja kaka mmoja dukani na saa yake imeingia maji, kioo kina ukungu kwa ndani, anasema jamani mbona kwenye boksi wameandika haiingii maji na mimi nimeogelea nayo mara tatu tu. Tukaigeuza nyuma, imeandikwa IP68 basi. Hapo ndo wengi wanapoumia.

IP68 maana yake saa ilizamishwa kwenye maji yasiyo na chumvi yaliyotulia, mara nyingi mita moja na nusu kwa nusu saa, ikatoka nzima. Haijapimwa kwa mtu anayepiga mikono bwawani dakika arobaini. Wewe muogeleaji tafuta iliyoandikwa 5ATM, hiyo imepimwa kwa mgandamizo sawa na wa kina cha mita 50, ingawa usije ukazama nayo huko, ni ya kuogelea juu juu. Apple Watch kuanzia Series 2 ya 2016, Galaxy Watch za Samsung, Garmin Forerunner nyingi, hata vile vibangili vya Xiaomi vya bei poa wanayo 5ATM. Kwa hiyo kuzuia maji peke yake wala sio kitu cha kukumalizia hela, hela nyingi unalipia saa ikuhesabie umbali uliogelea.

Na kuhesabu kunategemea unaogelea wapi. Bwawani saa haijui umbali, wewe ndo unaiambia bwawa lina mita 25 au 50, halafu yenyewe inasikilizia mkono unavyozunguka na pale unapogeuka ukajisukuma ukutani, inahesabu umegeuka mara ngapi inazidisha na urefu wa bwawa. Sasa wateja wetu wengi wa hapa Dar wanaogelea mabwawa ya hoteli, yale mafupi yenye umbo la harage, hapo hata Garmin ya bei kubwa itakudanganya, na ukisimama katikati kupumua inaweza kuhesabu umegeuka. Ukishika ule ubao wa kuelea ukapiga miguu tu ndo kabisa, mkono umetulia kwa hiyo saa nyingi hazihesabu kitu. Kama bwawa lako ndo hilo chukua kibangili cha kawaida uangalie muda, usitupe hela.

Baharini ni habari nyingine, huko unahitaji GPS, ile ya kujua ulipo kwa satelaiti, iliyo ndani ya saa yenyewe sio ya kutegemea simu maana simu umeiacha ufukweni. GPS haipiti kwenye maji, inashika pale mkono unapotoka juu tu, ndo maana mtindo huru ramani inatoka vizuri ila ukiogelea chura mikono iko chini muda wote na mstari unakuwa zigizaga. Wengine saa wanaiweka chini ya kofia ya kuogelea, ramani inanyooka ila hesabu ya mikono unaipoteza.

Mapigo ya moyo kwenye maji usiyaamini sana, taa ya nyuma ya saa inayosoma mapigo inasumbuliwa na maji yanayopita kati yake na ngozi. Anayefanya mazoezi serious achukue mkanda wa kifuani unaohifadhi data wenyewe kama Polar H10 au Garmin HRM-Pro, kwa sababu bluetooth nayo haipiti majini.

Halafu hili tunaliomba sana: saa used, ziwe za Dubai au za jirani yako, uliza kama iliwahi kufunguliwa kubadilishwa kioo au betri. Ikishafunguliwa ule mpira wa kuziba maji mara nyingi haurudi kama mwanzo, hiyo 5ATM inabaki maandishi tu, na sisi wenyewe tukikubadilishia kioo tunakwambia kabisa hii usiogelee nayo tena. Ukitoka baharini au kwenye klorini isuuze na maji ya bomba, sabuni na maji ya moto weka mbali, mkanda wa ngozi uvue uache nyumbani.

Ukija dukani njoo unajua urefu wa bwawa lako, tunakuwekea kwenye saa hapohapo kabla hujaondoka.