Kuomba nafasi ya utafiti baada ya uzamivu si kuomba msaada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie hoja ya msomaji mmoja aliyelalamika hivi karibuni kwamba vijana wetu wenye shahada ya uzamivu wanatuma maombi mengi ya kwenda kujiendeleza katika maabara za Ulaya na Marekani na hawajibiwi, naye akahitimisha kuwa tunabaguliwa. Sikatai kwamba ubaguzi upo, na nitautaja mlango mmoja ambao kweli umefungwa. Lakini mimi mwenyewe nimewahi kuwa mwombaji, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma rasimu za maombi ya wanafunzi wangu wa zamani katika sayansi ya milango ya fahamu, yaani kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Ninachokikuta humo ni kwamba wengi wetu tunaandika kana kwamba tunaomba msaada, ilhali mwenye maabara anatafuta mtu mwenye swali.

Mafunzo haya ya utafiti baada ya uzamivu hata ndani ya vyuo vyetu hayaeleweki vizuri. Si shahada nyingine, maana hayana mtihani, mahafali wala joho. Ni uanagenzi wa miaka miwili, mitatu, pengine mitano, ambapo mtu aliyekwisha kuhitimu uzamivu huingia katika maabara ya mtafiti mzoefu, akalipwa mshahara au posho, na kutarajiwa kutoa kazi itakayomwezesha baadaye kusimama peke yake. Linda Buck alikuwa katika uanagenzi wa namna hii kwenye maabara ya Richard Axel, Chuo Kikuu cha Columbia, alipoanza kuitafuta familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu, yaani protini za puani zinazonasa harufu. Kazi hiyo waliichapisha mwaka 1991, na mwaka 2004 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kipokezi cha ukali wa pilipili, kilichotangazwa mwaka 1997 na maabara ya David Julius huko California, mwandishi wa kwanza wa makala yake ni Michael Caterina, ambaye naye alikuwa mwanagenzi. Ikaonekana kwamba kipokezi hichohicho hufunguka pia kwa joto linalozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi. (Wanasayansi walistaajabu, Mswahili, ambaye kwake pilipili ni kali na jua nalo ni kali, pengine asingestaajabu sana.) Na Bertrand Coste, katika maabara ya Ardem Patapoutian, alikuwa akizidunga seli kwa ncha ya kioo nyembamba mno huku akizizima jeni zilizoshukiwa moja baada ya nyingine, zilizokuwa 72 kwa jumla, mpaka ikapatikana ile ambayo ikizimwa seli haihisi tena kuguswa. Mwenye maabara anaposoma barua yako, anajiuliza kama wewe ni mtu wa kuzima jeni ya hamsini baada ya zile 49 za kwanza kutotoa jibu.

Sasa turudi kwenye barua zenyewe. Yangu ya kwanza ningeona haya kumwonyesha mtu. Niliituma kwa maabara kumi na nne, ikiwa ileile, nikibadilisha jina la juu tu. Ilieleza nilikozaliwa, shida nilizopitia katika kusoma, ufaulu wangu, na hamu yangu kubwa ya kupata ujuzi wa kisasa. Aliyejibu ni bwana mmoja tu, kwa mstari mmoja wa kiungwana, akinijulisha kwamba jina lililoandikwa juu ya barua ile halikuwa lake.

Mwaka uliofuata niliandika kwa mtu mmoja. Nilikuwa nimekutana na kipimo cha kunusa kinachotumika sana duniani, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 1984, ambacho ni vijitabu vyenye harufu 40; mgonjwa hukwaruza, hunusa, kisha huchagua jibu moja kati ya manne. Kipimo hicho si mchezo, kwa sababu kufifia kwa uwezo wa kunusa huweza kutangulia dalili nyingine za ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi, na wakati wa Uviko-19 watu wengi waliupoteza uwezo huo ghafla. Nilipokifungua nilikuta karafuu, mdalasini na nazi, ambazo mtoto wa Pemba angezitambua akiwa usingizini. Lakini nilikuta pia soda ya mizizi ya Kimarekani, matango yao ya achari, na harufu ya mmea wao uitwao wintergreen. Hiyo ya mwisho mtu wa kwetu akiinusa atasema bila kusita kuwa ni dawa ya kuchua misuli, wala hatakuwa amekosea, maana kemikali ni ileile. Ila jibu linalotakiwa ni jina la mmea ambao hajapata kuuona. Akikosa alama hapo, daktari ataandika kwamba pua yake ni dhaifu, kumbe ameulizwa habari za jiko la jirani. Nikauliza katika barua yangu: kipimo cha Waswahili kingekuwa na harufu zipi, na je, lugha inayotofautisha tangu katika kitenzi chenyewe kati ya kunuka na kunukia, tena yenye neno shombo kwa harufu ya samaki na kutuzi kwa harufu ya jasho, ingempa mgonjwa njia bora zaidi ya kujibu kuliko kuchagua majina manne? Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Nilijibiwa siku ya nne.

Sisemi hayo kujisifu, kwani sikuwa nimeongeza akili kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Nilikuwa nimesoma makala tatu za yule mtafiti, nikaona zinapoishia, nikamwonyesha kitu ambacho mimi ninacho na yeye hana. Na tunavyo vingi. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na wenzao wa ng'ambo waliweka katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, kati ya mwaka 2012 na 2015, mitego ya mbu inayotoa harufu iliyotengenezwa kuiga ya binadamu na kuendeshwa kwa umeme wa jua. Nyumba zilizokuwa na mitego zilionekana kuwa na malaria pungufu kwa takriban asilimia 30. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, imekuwa uwanja wa utafiti wa trakoma, ugonjwa unaopofusha, tangu miaka ya 1980. Mhitimu aliyefanya kazi katika maeneo kama hayo kisha akaandika kwamba anaomba kufundishwa "chochote kitakachopatikana" anajidhulumu mwenyewe.

Nije kwenye mlango uliofungwa. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, hutoa ruzuku za mafunzo ziitwazo T32 kwa vyuo na vituo vya utafiti, na ufadhili wa mtu mmoja mmoja uitwao F32; zote mbili ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Kwa hiyo kijana wetu anapokiona kituo kama Monell cha Philadelphia, kilichoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya sayansi ya kunusa na kuonja, akakuta nafasi inayolipwa kwa ruzuku ya mafunzo ya aina hiyo, asipoteze mwezi mzima kuijazia fomu. Badala yake amwandikie mtafiti mwenyewe na kumuuliza kama anayo ruzuku ya utafiti inayoweza kumlipa mtu, kwa sababu ruzuku za utafiti hazimfungi mwenye maabara kuajiri raia peke yao. Maabara ni ileile na kazi ni ileile, ila fedha zinatoka mfuko mwingine. Rasimu nilizoona zikikwama kwa kutojua tofauti hii ni nyingi kuliko zilizokwama kwa udhaifu wa kisayansi.

Ulaya mambo ni mengine. Ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie hauulizi uraia. Huuliza umekaa wapi. Kwa kawaida mwombaji hatakiwi kuwa ameishi au kufanya kazi katika nchi anayotaka kwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 inayotangulia siku ya mwisho ya maombi, na katika hili aliyesomea uzamivu wake hapa nyumbani ana nafuu kuliko aliyesomea hukohuko. Lakini maombi hayo huandikwa pamoja na taasisi itakayompokea, na dirisha hufungwa mwezi Septemba au karibu na hapo. Anayemtafuta msimamizi mwezi Agosti amechelewa. Kwa maoni yangu, barua ya kwanza iwe imefika kabla ya Mei.

Na hapa, Ndugu Mhariri, lawama inahama kutoka kwa vijana kuja kwetu sisi walimu. Karibu kila nafasi hutaka barua mbili au tatu za wadhamini wanaomfahamu mwombaji kwa kazi yake. Desturi iliyoota mizizi kwetu ni profesa kumwambia kijana: "Iandike wewe, niletee nitie saini." Matokeo yake ni barua tatu zenye mtindo mmoja, zikisema kwamba mwombaji ana bidii, anawahi kazini na ana tabia njema, sifa ambazo zingemfaa mlinzi wa geti. Mwenye maabara anataka kusikia siku ile kifaa cha kupimia usikivu kilipoleta takwimu zisizoeleweka, kijana alifanya nini. Mwombaji hawezi kujiandikia hayo bila kuonekana anajisifu, na profesa ambaye hakuingia maabara mwaka mzima hawezi kuyaandika kabisa.

Liko pia suala la vyeti. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilichukua miezi mitano kunipatia barua ya mistari mitatu ya kuthibitisha kwamba nimehitimu, kwa maelezo kwamba mahafali bado na kwamba faili langu liko ofisi nyingine. Msimamizi wangu wa ng'ambo alikuwa mvumilivu, akanishikia nafasi. Mwenzangu niliyehitimu naye hakupata msimamizi wa namna hiyo. Nafasi yake ilikwenda kwa mtu mwingine, naye leo anafundisha biolojia katika sekondari moja, kazi ya heshima lakini si ile aliyoisomea kwa miaka kumi.

Ninaviomba basi vyuo vyetu mambo mawili yasiyohitaji bajeti mpya: barua ya kuthibitisha kuhitimu itolewe ndani ya siku saba tangu seneti ipitishe matokeo, pasipo kungoja mahafali, na mwalimu asiyeweza kumwandikia mwanafunzi barua ya udhamini kwa mkono wake mwenyewe amwambie mapema, ili kijana atafute mwingine. Naye yule msomaji aliyelalamika, kama anaye kijana mwenye rasimu mkononi, amwambie afute aya ya kwanza inayosimulia umaskini wa nyumbani kwao, na ile ya pili inayoorodhesha alama zake, kisha aanze na aya ya tatu. Katika rasimu nyingi nilizosoma, humo ndimo swali lilimokuwa limejificha.

Wako,

Mhadhiri wa fiziolojia,
Dar es Salaam