Namba za kwenye boksi la kamera ya kompyuta zisiwaponze wanunuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwatahadharishe wasomaji wanaotaka kununua zile kamera za bei ya chini zinazochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Matangazo yake yamezagaa, na karibu yote yanarudia maneno yale yale: 1080p, megapikseli 12, HD kamili. Mara nyingi namba hizo hazielezi kilichomo ndani.

Ndani ya kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, yaani kihisi. Hicho ndicho kinachoamua ukubwa halisi wa picha. Katika kamera za bei ya chini kabisa, mara nyingi kihisi huwa na nukta (pikseli) 640 kwa 480, jumla 307,200. Picha ya 1080p inahitaji nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Pengo hilo hujazwa kwa kukisia: zinachukuliwa nukta mbili jirani, inabuniwa rangi iliyo kati yao, inapachikwa. Isitoshe, kihisi hicho kina umbo la 4 kwa 3 ilhali picha pana ni 16 kwa 9, kwa hiyo juu na chini vikikatwa hubaki nukta 640 kwa 360 tu. Piga hesabu: katika kila nukta 9 unazoziona kwenye skrini, 1 ndiyo iliyopigwa na kamera, 8 zimebuniwa. Faili linakuwa kubwa kweli, lakini herufi ndogo za kwenye karatasi hazisomeki.

Kulibaini hili hakuhitaji kifaa chochote zaidi ya ukurasa wa gazeti. Uweke mbele ya kamera umbali wa kukaa kwako, kama sentimita 60, mahali penye mwanga wa kutosha. Piga picha ya kwanza kwa kipimo cha 640 kwa 480, kisha ya pili kwa 1920 kwa 1080. Ikuze ile ya kwanza mpaka herufi zake zilingane na za pili, halafu zilaze ubavu kwa ubavu. Ikiwa ile kubwa haikuonyeshi herufi hata moja ambayo ndogo imeshindwa, basi ama kihisi ni kidogo au lenzi ni mbovu. Kwa mnunuzi hasara ni ile ile. Muuzaji asiyekubali jaribio hili la dakika tano anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hata kihisi kikiwa cha kweli, kuna suala la njia ya kupitisha picha. Picha moja ya 1080p isiyobanwa, yaani ambayo data yake haijapunguzwa, ina takriban megabaiti 4.1. Picha 30 kwa sekunde ni kama megabaiti 124. USB 2.0 hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwenye karatasi (biti 8 ni baiti 1), na katika matumizi hupungua zaidi. Ndiyo maana kamera nzuri hubana picha yenyewe kabla ya kuituma. Isiyokuwa na uwezo huo itakupa 1080p kwa picha 5 tu kwa sekunde, na mtu anayepunga mkono ataonekana kama anarukaruka. Boksi litaandika 1080p, na mahali pengine litaandika picha 30 kwa sekunde, bila kusema kwamba hivyo viwili havipatikani kwa pamoja.

Lakini kasoro inayowasumbua watu wengi zaidi, na ambayo matangazo hayaigusi kabisa, ni mwanga. Kihisi kidogo chenye lenzi nyembamba hupata mwanga kidogo. Chumba kikiwa na taa moja ya dari, kamera ina njia mbili. Ya kwanza ni kuacha kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi. Kwa picha 30 kwa sekunde muda huo hauwezi kuzidi sehemu 1 ya 30 ya sekunde, kwa hiyo kamera hushuka kimyakimya hadi picha 15 au 10, na ukigeuza kichwa uso unaacha ukungu. Ya pili ni kukuza ishara hafifu iliyopatikana, na hapo ndipo zinapotokea zile chembechembe zinazochemka ukutani nyuma yako. Chembechembe hizo hubadilika kila picha, na programu ya mkutano huziona kama mwendo na kujitahidi kuzituma pia. Matokeo yake bando linaliwa na uso wenyewe unabaki vipande vya mraba. Vitaa vya LED vilivyozungushiwa lenzi havisaidii sana: ni dhaifu, vinang'aa kwenye miwani, na vinagawana na kamera umeme wa tundu la USB 2.0, ambao kikomo chake ni miliampia 500. Taa ya meza iliyoelekezwa ukutani mbele yako, au kukaa ukitazama dirisha badala ya kulipa mgongo, vitaboresha picha kuliko kamera nyingine ya bei ile ile.

Mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha ni jambo jingine. Taa nyingi za umeme wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari. Ikiwa kiwandani kamera imepangwa kwa hezi 60, mistari haiishi. Tafuta kipengele hicho kwenye mipangilio ya kamera na uweke 50. Kuna kamera ambazo hazina kabisa pa kubadilisha, na hizo ziacheni dukani.

Lenzi nyingi hazijilengi zenyewe ili picha iwe wazi. Kama lenzi ina pete ya kuzungusha, izungushe polepole huku ukitazama maandishi. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, usiilazimishe. Maikrofoni yake isahau, tumia ya kwenye earphone.

Kuhusu kisahani cha programu kinachokuja ndani ya boksi, nasisitiza: usikiweke kwenye kompyuta. Tangu 2003 kuna kanuni ya pamoja ya kamera za USB, iitwayo UVC, na kamera inayoifuata hutambuliwa na Windows, macOS au Linux bila draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya pembeni. Inayokulazimisha kutafuta draiva kwenye tovuti zisizojulikana inakufungulia mlango wa virusi. Wala usiamini kitaa cha kuonyesha kwamba kamera inafanya kazi, kwani mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba hata kwenye kompyuta za MacBook za zamani kitaa hicho kiliweza kuzimwa huku kamera ikiendelea kurekodi. Funika lenzi, au chomoa waya.

Mwenye simu nzuri ajaribu kwanza kuitumia kama kamera. iPhone huunganishwa na Mac kwa njia hiyo tangu 2022, na baadhi ya simu zenye Android 14 hufanya hivyo kwa waya wa USB tu. Kihisi cha simu nzuri huwa bora mno kuliko cha kamera tunazozizungumzia.

Ombi langu kwa wanaotangaza bidhaa hizi, pamoja na wanaotangaza katika kurasa zako, Mhariri: waandike ukubwa halisi wa kihisi, idadi ya picha kwa sekunde katika ukubwa huo huo, na kama kamera inafuata UVC. Ni mstari mmoja tu wa tangazo.

Fundi wa kompyuta