Barua kwa mwanangu: F mbili na tarehe zake

Assalam aleikum, mwanangu.

Kwanza hongera. LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, unaanzia alama 120 na kuishia 180, nawe umepata 171. Mjomba wako hana habari nyingine ya kuwaambia watu hapa Muheza.

Sasa zile kurasa mbili ulizonitumia ili ziende pamoja na maombi yako ya kusomea sheria. Nakuomba usizitume.

Umeandika kwamba ulipata F ya hesabu na F ya fizikia kwa sababu ya msiba wa baba yako. Transkripti yako, ile karatasi ya matokeo ya chuo, ninayo hapa mezani. F zote mbili ni za muhula wa Septemba hadi Desemba 2021. Marehemu baba yako alifariki Februari 2022. Desemba ile alikuwa mzima, yuko kwenye michungwa yake, na wewe ukimpigia simu ukitoka kazini ghalani saa kumi na mbili asubuhi ya huko Columbus, Ohio, huku kwetu saa nane mchana. Najua hukukusudia kudanganya. Majonzi huichanganya miezi. Lakini atakayelisoma faili lako atakuwa na tarehe zilezile nilizonazo mimi. Tena mambo hayaishii kwenye udahili. Ukimaliza miaka mitatu ya sheria na kuomba leseni ya uwakili, jimbo litachunguza tabia yako, na wachunguzi wanaweza kuyaitisha maombi haya unayoyaandika leo wakayalinganisha na kumbukumbu nyingine. F ya fizikia haimzuii mtu kuwa wakili. Maelezo yasiyo ya kweli yanaweza kumzuia.

Na ukweli wenyewe hauna aibu. Ulikuwa unaingia zamu saa nne usiku, unatoka alfajiri, na saa mbili asubuhi uko darasani kwenye uhandisi. Masomo yote mawili ukayarudia ukapata B. Chuo chako kikafuta zile F kwenye hesabu yake, ndiyo maana kwako GPA, yaani wastani wa alama zako, inasomeka 3.1. LSAC, shirika linaloendesha LSAT na kupokea maombi, haifuti. Inahesabu F na B kwa pamoja, na hapo ndipo 2.91 iliyokushtua ilipotoka. Usigombane nao. Wanamfanyia hivyo kila mwombaji, ili aliyesoma Ohio na aliyesoma Texas wapimwe kwa kipimo kimoja. Namba hiyo imeshafungwa ulipohitimu. Hata ukisoma shahada ya uzamili haitasogea.

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka nikastaafu, na viapo nimevipokea vingi. Kuna kesi ya Matovu kutoka Uganda, ya mwaka 1966, ambayo mawakili wetu wanainukuu hadi leo: kiapo kibebe mambo ya kweli anayoyajua mwapaji, kisibebe hoja, maombi wala hitimisho. Aya inayolia au kubishana hufutwa. Andika hivyohivyo nyongeza yako, ile karatasi ya kueleza alama mbaya, iwe badala ya kurasa zile mbili. Nimejaribu kukuandalia:

“Kati ya Septemba na Desemba 2021 nilifanya kazi ya usiku ghalani huku nikisoma masomo kamili ya uhandisi. Nilifeli hesabu na fizikia. Nilirudia yote mawili na kupata B. Februari 2022 baba yangu alifariki, na muhula huo niliacha masomo mawili. Septemba 2022 nilihamia sayansi ya siasa, na matokeo yangu tangu wakati huo yanaonekana kwenye transkripti.”

Basi. Baba yako ameingia mahali pake, kwenye zile W mbili, alama za masomo uliyoyaacha, ambazo hazihesabiwi kwenye GPA ila zinaonekana na msomaji atajiuliza zimetoka wapi. Usimtwishe marehemu F ambazo si zake.

Kuhusu wapi uombe, usiangalie majina. Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa na Chama cha Wanasheria cha Marekani vinalazimika kila Desemba kutangaza alama za wanafunzi wao wapya, LSAT na GPA. Tafuta alama ya katikati. Wapange wanafunzi wote mstari mmoja kuanzia wa chini hadi wa juu. Aliyesimama katikati ndiye mwenye alama hiyo. Vyuo vinailinda sana namba hii, kwa sababu inaingia kwenye orodha za ubora. Na hapa, mwanangu, ndipo nafasi yako ilipo. Mwenye GPA iliyo chini kidogo ya katikati na mwenye GPA iliyo chini sana, wote wawili wanaisogeza ile katikati sawasawa. Chuo kikishakubali kumchukua mtu wa chini, kitamtaka yule ambaye LSAT yake inakiinua. Kwa hiyo omba zaidi pale ambapo 171 iko juu ya katikati yao. Ohio State, hapo hapo mjini kwako, ni mojawapo. Kule wanakoweza kukupa pesa ya masomo, soma masharti: ipo inayoondolewa ukishuka alama mwaka wa kwanza. Watakaokukataa wapo, na utawaona mapema tu.

Jingine ni yale maelezo binafsi, insha ya kujieleza wewe ni nani. Nafasi ile usiitumie kueleza GPA hata kidogo, nyongeza imeshafanya kazi hiyo. Waandikie kuhusu benchi la nje ya mahakama yetu ya mwanzo. Ulikuwa ukitoka shule unakaa pale kunisubiri, na wale bibi waliokuja na mambo ya mirathi wakakuzoea, wanakupa karatasi uwasomee. Uliwasomea polepole, ukirudia pale waliposhindwa kuelewa, na yule mmoja wa Amani alikuwa hawezi kuweka dole gumba mpaka wewe umsomee mara ya pili. Kilichokupeleka kwenye sheria mimi nilikiona pale, na kwenye kurasa zako mbili hakimo.

Maombi hufunguliwa Septemba, na vyuo vingi hujibu kadiri yanavyoingia, nafasi zikipungua. Usingoje Februari hata pale ambapo tarehe ya mwisho ni Februari. Nyongeza mpya nitumie kabla hujaipakia, niisome nikiwa na transkripti pembeni.

Mama yako