Barua kwa Baba na Mama: mlango wa mto Kennebec

Portland, Maine, Marekani
Juni

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na ada ya mdogo wangu nimeituma Ijumaa, mkiipata mniarifu. Mama, nakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Barua hii zaidi ni ya Baba, kwa sababu ina habari za maji.

Jumapili nilikwenda na rafiki yangu wa Uvira hadi mlango wa mto Kennebec, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa. Tulikwenda kupiga kafi kukizunguka kisiwa kiitwacho Perkins, kidogo tu, chenye miti na mnara mweupe wa taa uliojengwa mwaka 1898. Chombo chenyewe ni kayaki: fikirini mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, unakaa ndani umenyoosha miguu, na kafi lina bapa huku na huku. Hauna mirengu, kwa hiyo mwanzoni kiuno ndicho kinachoshika mizani.

Tulipofika asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, matope na majani ya bahari yako wazi. Mwenzangu akauliza maji yamekwenda wapi. Amekulia Ziwa Tanganyika, huko hakuna kupwa wala kujaa. Nikamweleza kama ulivyonieleza mimi pale Bweni, ng'ambo ya Pangani, tukisubiri kivuko: mwezi, bamvua maji yanapojaa na kupwa sana, maji mafu yanapopanda kidogo tu. Hapa siku ya kawaida maji hupanda kama mita mbili na nusu, si mbali na kwetu. Mama aliyekuwa akituongoza alikuwa na saa zote zimechapwa kwenye karatasi, lakini mpango wake ulikuwa uleule wako: panda na maji yanayojaa, subiri yasimame, rudi mapema kabla hayajashika kasi.

Basi tukapelekwa na maji, kafi tunalitumia kunyoosha omo, ile sehemu ya mbele, tu. Upande wa nyuma wa kisiwa, unaotazama mji wa Georgetown, ndiko nilikokupenda zaidi. Kumetulia. Vyelezo vya madema ya kambakochi vimetapakaa kila mahali, na kila mvuvi ana rangi zake, hivyo dema la mtu linajulikana kwa mbali. Wakimvua kambakochi jike mwenye mayai, wanamkata alama ya pembe tatu mkiani na kumrudisha baharini, na kuanzia hapo mvuvi yeyote atakayemkuta na alama hiyo, hata kama hana mayai, lazima amwachie. Baba, niliwaza jinsi ulivyolalamikia nyavu za macho madogo zinavyokomba hadi vitoto vya samaki.

Pale mlangoni, mwaka 1607 na 1608, Waingereza waliunda chombo cha tanga wakakiita Virginia. Mjomba angenihoji usiku kucha juu ya mbao zake.

Tulipogeuka maji yalikuwa yameanza kutoka, na upepo wa kusini umeamka. Tulipokaribia ngome ya mawe ya Popham nikaona mbele, kule mto unapokutana na bahari, mawimbi mafupi yamesimama wima, meupe. Yule mama akanyanyua kafi juu: mwisho hapa, pwani. Nikamwambia, baba yangu husema maji yakitoka na kusi ikiingia, mlangoni hapapitiki. Akaniomba nirudie. Kisha akasema hilo ndilo jambo la kwanza wanalowafundisha wageni, na wengi hawalisikii.

Nikatia mkono majini. Nyuzi 13 za Selsiasi. Kwa baridi hiyo vidole vinaweza kufa ganzi ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano, hata mwogeleaji hodari akashindwa kushika kamba. Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kugusa chombo kabla hajafunga jaketi la kuokolea, na yule mama alizivuta kamba za kila mmoja kwa mkono wake.

Nilikaa mchangani nikimfikiria Mjomba. Maji ya Pangani ni ya vuguvugu, na Mjomba aliogelea kuliko sisi sote. Bado mlango ulimchukua. Hatukuwahi kuzungumza juu ya hilo tangu matanga, na mimi sikujua nianzie wapi. Angekuwa na kitu cha kumwelesha hadi ngalawa nyingine imfikie, nadhani tungekuwa naye.

Nimenunua majaketi mawili, moja lako Baba, moja la mdogo wangu. Yanakuja na dada wa Tanga anayerudi mwezi ujao. Najua utasema yanabana wakati wa kuvuta nyavu. Nimelivaa lako jioni nzima nikivuta kamba iliyofungwa mlangoni. Mabega yako huru. Rangi ni ya chungwa, ili Mama akisimama ufukweni awaone kutoka mbali.

Mdogo wangu apige picha siku mtakapoyavaa, muwe ndani ya ngalawa.

Mwanenu